Ajira katika Utafiti wa Ubongo na Mishipa ya Fahamu: Nafasi Zilizopo Mwanza na Ukanda wa Ziwa

Wanafunzi wa udaktari, uuguzi na maabara wanaposikia habari za utafiti wa ubongo, wengi huwaza maabara ya ng'ambo yenye mitambo ya mabilioni ya shilingi na profesa mmoja aliyeinamia hadubini. Taswira hiyo ina ukweli wake, lakini imewafanya vijana wengi waamini kuwa kazi ya namna hiyo haipatikani Mwanza, na kwamba anayeitaka hana budi kuhama. Makala haya yanaeleza kwamba kazi hiyo ipo katika Kanda ya Ziwa, kwamba huanzia kando ya kitanda cha mgonjwa, na kwamba nafasi zake nyingi ni za wauguzi, matabibu, wateknolojia na watunza takwimu kuliko za maprofesa. Yanaeleza pia kwa nini mgonjwa naye ana sababu ya kujali nani ameajiriwa, kwa mkataba gani, na kwa muda gani.

Ukubwa wa mahitaji

Sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu huchunguza ubongo, uti wa mgongo na mishipa inayopeleka taarifa mwilini, pamoja na magonjwa yanayoviathiri viungo hivyo. Katika hospitali zetu magonjwa hayo yana majina yanayofahamika na kila mtu: kiharusi, kifafa, homa ya uti wa mgongo, malaria inayopanda kichwani, mtindio wa ubongo, watoto wenye vichwa vilivyojaa maji, mgongo wazi, na majeraha ya kichwa yatokanayo na ajali za pikipiki. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la Lancet Neurology mwaka 2024 ulikadiria kuwa watu bilioni 3.4 duniani walikuwa na ugonjwa wa aina hii mwaka 2021.

Hapa Mwanza, watafiti waliofuatilia kwa miaka mitatu wagonjwa waliolazwa katika wodi za tiba za Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, waligundua kuwa magonjwa yatokanayo na shinikizo la juu la damu yalikuwa chanzo cha pili cha vifo, yakitanguliwa na Virusi vya UKIMWI. Kwa wagonjwa waliozidi miaka 50 yalikuwa chanzo cha kwanza. Miongoni mwa vifo hivyo vya shinikizo la damu, kiharusi ndicho kilichoongoza.

Wataalamu wa kuyakabili ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani lilionesha katika taarifa yake ya mwaka 2017 kuwa nchi zenye kipato cha chini zilikuwa na mtaalamu 0.1 wa ubongo na mishipa ya fahamu kwa kila watu 100,000, wakihesabiwa pamoja madaktari wa watu wazima, wa watoto na wa upasuaji. Nchi tajiri zilikuwa na 7.1. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza. Kwa kiwango hicho cha nchi maskini, mkoa mzima ungestahili wataalamu wasiofika wanne. Kwa hiyo, hata kama vyuo vyetu vitaongeza kasi ya kufundisha mabingwa, kwa miaka mingi ijayo sehemu kubwa ya kazi hii itafanywa na watumishi wasio mabingwa wa ubongo. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo anayetafuta ajira katika fani hii anapaswa kulielewa.

Mifano miwili kutoka pwani ya ziwa

Mfano wa kwanza ni wa Tarime, mkoani Mara. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo walianza kupooza miguu kwa ghafla. Miguu ilikakamaa, mtu akawa anatembea kwa shida au kushindwa kabisa, na hali hiyo haikurudi nyuma. Walioathirika zaidi walikuwa wanawake na watoto. Madaktari na watafiti walikwenda vijijini, wakawapima wagonjwa mmoja mmoja, wakauliza kaya zilikula nini na chakula kiliandaliwaje, na wakapima dalili za sumu ya sianidi mwilini. Walibaini kuwa ugonjwa huo ni konzo, uliokwisha kufahamika nchini Kongo. Chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa kwa muda wa kutosha. Njaa inapobana, siku za kuloweka na kuanika hupunguzwa, sumu hubaki katika unga, na mlo usio na dagaa, samaki, nyama au maharage hauupi mwili viambata vya kuiondoa. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1990 katika Brain, mojawapo ya majarida mashuhuri zaidi duniani ya fani hii.

Inafaa kuzingatia ni kazi gani zilizozaa ugunduzi huo. Alihitajika mhudumu wa kituo aliyetambua kuwa wagonjwa kadhaa wenye dalili zilezile si jambo la kawaida, akatoa taarifa. Alihitajika mhoji aliyejua lugha ya wenyeji na aliyeweza kumuuliza mama kuhusu jiko lake bila kumwaibisha. Alihitajika daktari wa kupima nguvu za misuli na mwitiko wa magoti, na mteknolojia wa kutunza sampuli. Mtambo wa kupiga picha ya ubongo haukuwa sharti la kuanza.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi, nao unahusu watoto wenye selimundu, yaani sikoseli. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi nchini. Watafiti walitumia matone ya damu yaliyokaushwa ambayo tayari yalikuwa yamefikishwa katika maabara ya Bugando kwa ajili ya kupima Virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi. Walipopima zaidi ya sampuli 16,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2020, waliona kuwa asilimia 1.2 ya watoto hao walikuwa na selimundu na asilimia 20.3 walikuwa wabebaji wa kinasaba chake. Kwa maneno mengine, mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja.

Selimundu ni ugonjwa wa damu, lakini hatari yake kubwa mojawapo iko katika ubongo. Nchini Marekani, kabla ya kinga kupatikana, takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye selimundu alipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Habari njema ni kwamba hatari hiyo huweza kuonekana mapema. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kinachoitwa Dopla, huwekwa pembeni mwa kichwa na kupima kasi ya damu ndani ya mishipa ya ubongo. Kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ni ishara ya hatari kubwa, na kati ya 170 na 199 ni ishara ya tahadhari. Kipimo hakichomi, hakitumii mionzi, na mtoto hulala tu kitandani akiwa macho. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionesha kuwa watoto wenye kasi kubwa wakiongezewa damu kila mwezi, hatari ya kiharusi cha kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Kwa mazingira yetu, kumwongezea mtoto damu kila mwezi kwa miaka mingi ni jambo gumu, kwa kuwa damu salama haitoshi hata kwa dharura. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2019 utafiti ulifanyika Bugando, kwa ushirikiano na hospitali ya watoto ya Cincinnati ya Marekani, kuona kama dawa ya haidroksiyurea ingeweza kusaidia. Watoto 202 wenye umri wa miaka 2 hadi 16 waliandikishwa. Takriban mmoja kati ya wanne alikutwa na kasi ya damu iliyopanda, na kwa waliopewa dawa hiyo kasi ilishuka. Jambo linalotuhusu katika makala haya ni kwamba watumishi wa hapa hapa walifundishwa kukifanya kipimo hicho. Ujuzi ambao awali ungeonekana kuwa wa bingwa wa ng'ambo ukawa mikononi mwa mtumishi wa Mwanza.

Nafasi za kitabibu

Njia ndefu kuliko zote ni ya udaktari bingwa. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kazini na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayetaka tiba ya ubongo kwa watu wazima husomea kwanza shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, kisha ubobezi. Anayetaka ya watoto hupitia kwanza magonjwa ya watoto. Upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo una njia yake, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo kituo kikuu cha fani hiyo nchini. Daktari aliye katika hospitali ya mkoa kama Sekou-Toure, au ya kanda kama Bugando na Chato, na mwenye nia hiyo, anashauriwa kuulizia mapema ufadhili wa Serikali wa masomo ya ubingwa na ubobezi, kwani mwajiri ndiye humruhusu kwenda masomoni.

Nafasi nyingine ni za muda mfupi zaidi kuzifikia, na uhaba wake unawaumiza wagonjwa kila siku. Mfiziotherapia humfundisha aliyepooza kutembea tena, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo humfundisha kuvaa nguo na kula kwa mkono mmoja. Mteknolojia wa mionzi huendesha mashine ya CT inayotofautisha kiharusi cha damu kuvuja na cha mshipa kuziba. Wapo pia wanaohitajika kwa kipimo cha umeme wa ubongo kwa wenye kifafa, na wa kupima usemi na kumeza kwa waliopata kiharusi. Muuguzi aliyefundishwa kupima kama mgonjwa anameza salama kabla ya kumpa uji humwepusha na nimonia ya chakula kuingia mapafuni.

Tabibu wa zahanati na kituo cha afya asijione nje ya orodha hii. Chukulia mvuvi au mkulima wa mpunga wa kandokando ya ziwa anayekuja akilalamika maumivu ya mgongo, miguu kukosa nguvu na mkojo kukataa kutoka. Katika ukanda wetu, mojawapo ya sababu za kufikiriwa ni mayai ya kichocho yaliyokwama katika uti wa mgongo. Mgonjwa huyo akipewa rufaa mapema na kutibiwa kwa dawa ya kichocho pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, anaweza kutembea tena. Akicheleweshwa, anaweza kubaki kwenye kiti cha magurudumu. Anayefanya uamuzi huo kwa mara ya kwanza ni tabibu aliye Ukerewe au Sengerema.

Nafasi za utafiti

Mwanza ina taasisi zinazoajiri kwa ajili ya utafiti wa afya kwa ujumla. Zipo Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU, kinachoendeshwa na NIMR pamoja na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Pia ipo Bugando na chuo kikuu chake cha afya, CUHAS. Matangazo yao mara nyingi hayatataja neno ubongo. Yatataja shinikizo la damu, selimundu, kifafa, homa ya uti wa mgongo au makuzi ya mtoto. Anayesubiri tangazo lenye jina la fani nzima atasubiri sana.

Kazi zenyewe ni hizi. Muuguzi wa utafiti huandikisha washiriki na kuchukua ridhaa yao. Mratibu hupanga mahudhurio, vibali na taarifa. Mfamasia hutunza dawa za jaribio kwa hesabu isiyopotea hata kidonge kimoja. Mteknolojia wa maabara hupima na kuhifadhi sampuli. Mtunza takwimu husafisha taarifa na mchambuzi huzisoma. Mhoji wa nyanjani hupita kaya kwa kaya. Thamani ya mhoji huyu ilidhihirika katika utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006. Bila watu wa kufuatilia jamii nyumba kwa nyumba, wagonjwa waliofia nyumbani wasingehesabiwa, na isingejulikana kuwa viwango vya kiharusi vya Dar es Salaam, vikirekebishwa kwa umri, vilifika takriban 316 kwa watu 100,000 kwa mwaka.

Wataalamu wa sayansi ya jamii nao wanahitajika. Degedege na kifafa bado hutafsiriwa na wengi kuwa ni mashetani au kurogwa, na wapo wazazi wanaoamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Dawa ya kifafa haitamfikia mtoto huyo mpaka apatikane mtu wa kuielewa hofu hiyo na kuijibu kwa heshima.

Kwa nafasi hizi zote, mwombaji ahakikishe ana usajili hai wa baraza la taaluma yake na cheti cha mafunzo ya mwenendo bora wa majaribio ya tiba. Aifahamu pia njia ya vibali: kamati ya maadili ya taasisi, kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pale dawa inapojaribiwa.

Nafasi za kufundisha

Chuoni ngazi huanzia mkufunzi msaidizi, kisha mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kupanda hutegemea elimu, ufundishaji na machapisho. Kwa hiyo muuguzi au mteknolojia anayefanya kazi ya utafiti ana haki ya kuuliza mapema kama jina lake litaingia katika andiko iwapo mchango wake unastahili. Machapisho mawili au matatu ya kweli humfungulia mlango wa masomo ya juu kuliko barua nyingi za mapendekezo.

Udhaifu wa ajira za mradi

Hapa ndipo penye tatizo kubwa la fani hii kwetu. Nafasi nyingi za utafiti hulipwa na fedha za mradi wa miaka mitatu au mitano. Fedha zikiisha, mkataba huisha. Mtumishi aliyefundishwa kupima kasi ya damu kichwani huhamia mradi wa ugonjwa mwingine au mkoa mwingine, na mashine hubaki kabatini. Mtoto aliyepimwa akakutwa na hatari hurudi kliniki mwaka unaofuata na kukuta hakuna wa kumpima. Kwake yeye utafiti umekwisha, ila selimundu yake haijaisha.

Marekebisho yake yamo ndani ya uwezo wetu. Wanaoandika maombi ya fedha waeleze tangu mwanzo nafasi ipi itaingizwa katika ikama ya hospitali mradi utakapofungwa, na uongozi wa hospitali utie saini ahadi hiyo. Kila ujuzi ufundishwe kwa watumishi wasiopungua wawili, na angalau mmoja wao awe tayari ni mwajiriwa wa kudumu wa wodi au kliniki husika. Kipimo kiandikwe katika taratibu za kawaida za kliniki kabla mradi haujakwisha.

Mtumishi naye ajilinde. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi. Kabla ya kusaini, uliza mkataba ni wa muda gani, michango ya hifadhi ya jamii itapelekwa wapi, bima ya afya na likizo ya uzazi vikoje, na mafunzo gani utapata. Nafasi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na taasisi nyingine hutangaza kwa jina lao wenyewe. Hakuna ajira halali inayolipiwa. Anayekudai fedha ili akupitishie jina, huyo ni tapeli.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Kazi zote zilizotajwa hapa zipo kwa sababu wagonjwa hukubali kushiriki. Ukialikwa katika utafiti, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukataa, au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Una haki pia ya kuuliza swali ambalo wengi hawaliulizi: utafiti huu ukimalizika, nani ataendelea kunipima, na dawa nitaipata wapi? Swali hilo likiulizwa na wagonjwa wengi, huandikwa katika taarifa, hufika kwa kamati ya maadili, na hatimaye hufika kwa anayepanga nafasi za ajira.

Kama una mtoto mwenye selimundu, uliza kliniki yako kama kipimo cha kasi ya damu ya ubongo kinapatikana. Kama mtu wa nyumbani kwako amepinda mdomo, mkono umekosa nguvu au maneno yamemkatika ghafla, mpeleke hospitali saa ileile, usisubiri kesho. Na kama una kijana wa kidato cha nne au cha sita anayependa masomo ya sayansi, mweleze kwamba si lazima awe daktari wa upasuaji ndipo aokoe ubongo wa mtu. Anaweza kuanza kwa stashahada ya uuguzi, maabara au mionzi hapa hapa Mwanza, na kazi ya kufanya ataikuta inamsubiri.